Kufunga na Kuchovya Nguo Pamoja na Watoto

Somo la redio kwa watu wazima, kama lilivyosemwa

  Mwenye kalamu na karatasi na aziweke karibu, maana leo kuna vipimo vichache vya kuandika, nami nitavisema polepole.

Leo nasema hasa na akina mama wa vikundi vya ushonaji, na walimu wa shule za msingi, na wote wanaopewa watoto kuwaangalia wakati wa likizo. Habari yetu ni ile kazi ya kuifunga nguo kwa uzi, kuichovya katika rangi, kisha kuifungua na kukuta maua na duara zilizobaki nyeupe pale uzi ulipobana. Dar es Salaam watu wengi huziita nguo hizi zote batiki, ijapokuwa batiki hasa ni ile ya nta. Mimi nitasema tu kufunga na kuchovya, tupate kuelewana.

Kazi hii yawafaa watoto kuliko kazi nyingi za mikono. Mtoto wa miaka 6 anaiweza. Haihitaji kujua kuchora, na fundo lililokaa vibaya nalo hutoa ua lake. Sijaona mtoto aliyefungua nguo yake akasema hakupata kitu. Lakini kuna jambo moja ambalo halina budi kusemwa wazi kabla hatujagusa uzi, nalo ndilo sababu ya somo hili.

Wengi wanaoijua kazi hii katika nchi zetu waliifundishwa kwa ajili ya soko. Mwalimu mkuu akimwomba mama fundi aje Jumamosi awafundishe watoto 30, mama yule huja na beseni lake, na vifurushi vyake, na njia yake ile ile anayoitumia kila siku. Watoto hukusanyika kulizunguka beseni. Nami nasema, njia ya soko si njia ya watoto. Si kwa kuwa ni mbaya. Ni ufundi mzuri, na watu wamejenga nyumba kwa ufundi huo. Lakini tazameni kilichomo ndani ya beseni lile.

Fundi hutia katika maji ya moto rangi ya unga, na kostiki soda, na unga mwingine mweupe uitwao haidrosalfaiti. Kazi ya hivi viwili ni kuiyeyusha rangi, kwani rangi za namna ile haziyeyuki katika maji matupu. Nguo ikitolewa hukutana na hewa, na hapo rangi hurudi katika hali yake ya kwanza, ikakwama ndani ya nyuzi isitoke tena kwa kufuliwa. Ndiyo maana utaona nguo inatoka na rangi moja, ikageuka nyingine mbele ya macho yako.

Sasa, kostiki ni kitu gani? Ni ile ile ya kutengenezea sabuni. Ikikutana na mafuta huyageuza sabuni, na ngozi ya mtu ina mafuta. Ukigusa maji ya kostiki ukahisi vidole vinateleza, usidhani ni utelezi wa maji: ni ngozi yako mwenyewe inayoanza kugeuka. Jichoni ni vibaya zaidi, maana hupenya kwa haraka sana, na jicho laweza kupotea. Ikitiwa katika maji hutoa joto kali bila jiko. Na mtu akikosea akamwaga maji juu ya unga wake, badala ya kutia unga kidogo kidogo katika maji baridi, yale maji huchemka ghafula na kurusha matone usoni. Hula sufuria ya alumini, na hapo hutoka hewa inayoweza kushika moto. Na haidrosalfaiti, ikipata unyevu ndani ya mfuko wake, hupata joto yenyewe hata ikaweza kuwaka. Harufu yake hubana kifua, na mwenye pumu huumia kabla ya wenzake.

Mtu mzima aliyefundishwa, mwenye glovu ndefu na miwani ya kukinga macho, aweza kuyaangalia hayo yote. Watoto 30 wanaosukumana ili waone hawawezi.

Kuna hatari nyingine tena, nayo imo katika lugha yetu wenyewe. Fikirini neno hili, soda. Kwa mtoto wa Kiswahili soda ni kinywaji. Hununuliwa dukani, huletwa siku ya sikukuu. Halafu mtu mzima anasema mbele yake, "Niletee ile soda." Neno la pili ni magadi. Magadi mtoto ameyaona jikoni. Mama hutia kidogo katika maharage yaive upesi. Halafu wako watu wanaoiita kostiki "magadi ya sabuni". Basi sumu yetu ina majina mawili, na yote mawili ni majina ya vitu vya kutia kinywani. Na ukiongeza kwamba watu hupenda kuhifadhi maji ya kostiki katika chupa tupu za soda, jambo lililokwisha kuunguza koo za watoto wengi katika Afrika, na koo likiungua hupona kwa kujikunja hata chakula kisipite, mtaona ya kuwa shauri hili si dogo.

Kwa hiyo shikeni desturi hii. Kostiki iitwe kostiki, basi, bila neno soda. Ikae katika kopo lake lililoandikwa, juu, penye kufuli. Chupa iliyopata kutiwa kinywaji isitiwe dawa ya rangi hata siku moja, hata kama ni kwa dakika kumi, hata kama imeandikwa, maana wadogo hawajui kusoma.

Huenda mmoja wenu anauliza: je, hata soda ashi inakatazwa? Swali hilo ni la haki, maana unga huu tutauhitaji baadaye. Magadi ya kawaida huchimbwa kavu penye maziwa ya chumvi, kama lile la Magadi katika Kenya, ambako kampuni ya kuyachimba ilianzishwa mwaka 1911. Magadi hayo yakichomwa motoni hupatikana soda ashi. Kostiki ni kitu kingine kabisa. Wataalamu wana kipimo cha ukali kinachoanzia 0 hadi 14; maji safi yapo kwenye 7. Maji ya magadi hufika karibu 10. Soda ashi hufika karibu 11. Kostiki iliyokolea hufika 14. Labda utasema, kutoka 11 hadi 14 ni hatua tatu tu. Lakini kila hatua ya kipimo hiki ni mara 10: mara 10, mara 10 tena, mara 10 tena, yaani mara 1,000. Soda ashi huwasha ngozi na jicho na lazima iheshimiwe, kostiki hula. Na unga wote huu mtatu ni mweupe, huwezi kuutofautisha kwa macho. Usiuonje kamwe ili kuujua. Kopo lisiloandikwa, tupa.

Basi kanuni yangu ni fupi, nawaomba muiandike. Unga, moto na wembe ni vya mtu mzima. Uzi na nguo ni vya mtoto. Yote nitakayoyasema sasa yanatoka humo.

Zipo njia mbili za kufanya kazi hii na watoto bila kostiki. Kwa watoto walio chini ya miaka 9 mimi huchagua rangi za jikoni. Kwa wakubwa kidogo ziko rangi za maji baridi.

Rangi za jikoni kwanza. Manjano ndiyo mfalme wao. Chukua vijiko vya kulia 2 vya manjano kwa lita 1 ya maji. Nasema tena: vijiko vya kulia 2, maji lita 1. Chemsha dakika 20, chuja kwa kitambaa, acha ipoe hata mkono uvumilie. Majani ya chai, vijiko vya kulia 6 kwa lita, hutoa rangi ya udongo. Maganda makavu ya vitunguu, yajaze sufuria bila kuyashindilia, mimina maji yafunike, chemsha saa nzima. Hutoa rangi ya dhahabu iliyoiva. Choya hutoa wekundu wa kupendeza, walakini hufifia upesi. Manjano nayo hufifia ikianikwa juani siku nyingi, kwa hiyo nguo hiyo ianikwe kivulini, na mwambie mtoto mapema asije akalia.

Mkitaka rangi ishike zaidi, loweka nguo usiku mmoja katika maji ya shabu, ile wauzao maduka ya dawa za asili na wengine huitumia kusafishia maji. Gramu 15 za shabu, yaani vijiko vya chai 3, kwa kila gramu 100 za nguo kavu. Nasema tena: shabu gramu 15, nguo gramu 100. Kazi hiyo ni ya mtu mzima, usiku wa kuamkia siku yenyewe.

Nawaambia kitu kimoja ambacho watoto hukipenda kuliko rangi yenyewe. Nguo iliyotiwa manjano, ukiipaka povu la sabuni ya mche, hugeuka nyekundu kama tofali, hapo hapo. Ukiikamulia ndimu hurudi manjano. Acha watoto waandike kwa kidole chenye povu, wafute kwa ndimu, waandike tena. Ndani ya manjano kuna kitu kinachobadili rangi kikikutana na ukali wa sabuni, na kipimo kile cha 0 hadi 14 nilichokitaja mtoto anakiona hapo kwa macho bila hatari yoyote.

Lakini msichukulie kwamba kitu kikiwa cha asili basi ni salama. Vitabu vingine vya zamani vinashauri kutia mrututu ili rangi za miti zishike na kukolea. Mrututu ni sumu. Usiulete mahali penye watoto. Na huku pwani yuko mtu atakayewaza kutia piko, ile nyeusi inayochanganywa na hina, apate weusi mzuri. Ndani ya piko mna dawa ya nywele ambayo imewaachia watoto na maharusi malengelenge na makovu. Weusi tuuache.

Njia ya pili ni rangi za maji baridi. Rangi hizi zilitokea Uingereza: wataalamu Rattee na Stephen wa kampuni ya Imperial Chemical Industries walizigundua mwaka 1954, zikaingia sokoni mwaka 1956. Uzuri wake ni kwamba hazihitaji moto, wala kostiki, wala haidrosalfaiti. Zenyewe huungana na nyuzi za pamba, zikisaidiwa na soda ashi kidogo. Zinataka joto la hewa la nyuzi 21 au zaidi, jambo ambalo Tanga na Mombasa halimsumbui mtu. Walio Njombe na Limuru watafute mahali pa joto pa kuziweka.

Ubaya wake uko katika unga. Unga wa rangi hizi ni mwepesi kuliko unga wa sembe, huruka kwa pumzi tu, na mtu akiuvuta mara kwa mara kifua chake chaweza kuukataa, akashikwa na pumu kila aukaribiapo. Wafanyakazi wa viwanda vya rangi wamepata ugonjwa huo. Kwa hiyo changanyeni rangi kabla watoto hawajafika. Si wakati wanaingia, si mbele yao ili wajifunze. Kabla. Funga barakoa puani, tandika gazeti lililoloweshwa maji juu ya meza linase vumbi, fungua kopo polepole mahali pasipo upepo. Vijiko vya chai 2 vya rangi kwa kikombe cha robo lita ya maji. Koroga, funika, kunja gazeti likiwa bado limelowa, litupe. Baada ya hapo hatari kubwa imekwisha, maana rangi iliyomo majini hairuki.

Soda ashi nayo hutiwa katika ndoo ya plastiki na mtu mzima mwenye glovu na miwani: gramu 50 kwa lita 1 ya maji. Gramu 50, lita 1. Ndoo hiyo ikae nyuma ya meza, upande wa mtu mzima.

Sasa nguo. Iwe pamba tupu. Amerikani ni nzuri, bafta ni nzuri zaidi kwa kuwa ni nyeupe. Vitambaa vya nailoni na poliesta havipokei rangi hizi, na mtoto aliyeletewa fulana ya namna hiyo atatoka na fulana chafu badala ya ua. Ukishuku, chomoa uzi mmoja nyumbani uuchome kwa kiberiti: pamba hunuka kama karatasi na kuacha jivu, poliesta huyeyuka na kuacha punje ngumu. Nguo mpya ifuliwe kwanza itoke wanga. Kwa mtoto wa mara ya kwanza kipande cha mraba, kama leso ya kichwa, kinatosha.

Na sasa tufike kwenye kazi ya mtoto mwenyewe, ambayo natamani mwipe saa nzima bila haraka. Watu wengi hukosea hapa: hufunga mbio mbio ili wafike kwenye rangi. Kumbe kufunga ndiko ufundi wenyewe ulipo. Wayoruba wa Abeokuta katika Nigeria huiita nguo hii adire, jina linalounganisha kufunga na kutia rangi. Wagujarati huiita bandhani, nalo neno hilo latoka katika kufunga. Hata majina yametanguliza uzi.

Mpe kila mtoto punje za maharage na uzi mnene wa pamba. Aweke harage chini ya nguo, ainue, auzungushe uzi shingoni mwa harage kama mtu afungaye mdomo wa gunia, mara sita au saba, auvute. Patatoka duara moja. Akiweka maharage tisa kwa safu atapata duara tisa. Akitaka duara kubwa ashike katikati ya nguo, ainyooshe kama mwavuli uliofungwa, azungushe uzi hapa, aruke vidole vinne, azungushe tena. Akitaka mistari aikunje nguo kama kipepeo cha makuti, mbele nyuma, mbele nyuma, aifunge kila baada ya shubiri. Mwambie sababu: pale uzi unapobana, maji hayapiti, na pasipopita maji rangi haipiti. Mtoto akilielewa hilo ataanza kubuni mwenyewe, nawe utaona mambo ambayo hukumfundisha.

Tahadhari ni chache hapa. Punje na kokoto visiwepo kama kuna mdogo wa chini ya miaka 4 anayetambaa au kuzurura kati ya wenzake, maana atazitia kinywani au puani. Raba bendi zafaa, lakini mtoto huzipenda kuzivalisha vidoleni, na kidole kilichobanwa robo saa huvimba; hesabu ulizotoa, hesabu ulizorudishiwa. Na wembe. Katika nchi yetu kila mwenye uzi ana wembe. Mwache nyumbani. Mtu mzima mmoja awe na mkasi butu shingoni kwa kamba, naye ndiye atakayekata uzi kwa wote. Afadhali zaidi wafundishe fundo la kuvuta, lile la kamba za viatu. Nguo itafunguliwa bila kukatwa, na hata nguo yenyewe itasalimika, kwani nyuzi nyingi zimekatwa pamoja na kitambaa.

Habari ya mahali. Fanyeni nje, kivulini, penye hewa. Tuseme mna watoto 24. Wagawe meza nne, kila meza watoto sita na mtu mzima mmoja, na hawa wote wafunge nguo. Meza ya rangi iwe moja tu, mbali kidogo, yenye watu wazima wawili, na watoto waiendee sita kwa zamu, waingie upande huu, watoke upande ule. Fujo yote huanzia pale watoto 24 wanapokuwa penye rangi kwa pamoja. Kila mtoto avae viatu, nguo kuukuu, na glovu zinazomtosha. Glovu ya mtu mzima kwenye mkono wa mtoto hujaa rangi kama kikombe, ni heri asiwe nayo, umchovyee wewe. Chakula na maji ya kunywa visisogee karibu. Waleni uji kabla, au baada ya kunawa.

Kando ya meza ya rangi ziwepo ndoo mbili za maji safi zenye kata, zimefunikwa, zisiguswe na mtu. Hizo ni za macho. Tone likimwingia mtoto jichoni usikimbilie kuuliza nani kafanya. Mlaze au mwinamishe, fungua kope kwa vidole safi, mimina maji taratibu kutoka upande wa pua kwenda nje, dakika 20 kwa saa. Atalia, atajipinda, endelea. Usitie ndimu wala siki ukidhani utaukata ukali, usitie maziwa. Kisha hospitali, pamoja na kopo la dawa ili daktari asome. Unga mkavu ukimwangukia ngozini, upukute kwanza, kisha maji mengi, na nguo yake ivuliwe. Akimeza, mwoshe kinywa, wala usimtapishe, kwani kilichounguza kikishuka kitaunguza tena kikipanda, mpeleke upesi.

Kwa rangi za jikoni mtoto huchovya furushi lake mwenyewe katika beseni la vuguvugu, na likae humo hata kesho. Sufuria ya moto isitoke jikoni. Mimina katika beseni, subiri, jaribu kwa kiwiko, ndipo mwite mtoto.

Kwa rangi za maji baridi mtu mzima huchovya furushi lililofungwa katika ndoo ya soda ashi dakika 15, hulikamua vizuri kwa glovu, ndipo humpa mtoto mwenye glovu na miwani. Mtoto huitia rangi. Wengine hutumia chupa za kubinya. Mimi sizipendi: chupa hugeuka bunduki ya maji kabla mtoto wa tatu hajafika, na zafanana na chupa za vinywaji. Bakuli pana na kijiko yatosha, rangi mbili au tatu, si zaidi, maana rangi tano zikichanganyika hutoa tope. Kisha furushi liingie katika kopo lenye mfuniko, na jina la mtoto juu yake, likae saa 12 hadi 24. Maelekezo mengi husema mfuko wa plastiki. Mifuko ya kubebea ya plastiki ilipigwa marufuku Kenya mwaka 2017 na Tanzania mwaka 2019, nami siihuzunikii, maana mfuko na mtoto mdogo havikai pamoja.

Maji yaliyobaki yamwagwe na mtu mzima shimoni, mbali na kisima na bustani, yakiwa yameongezwa maji mengi. Vyombo vya soda ashi na rangi za kununua visirudi jikoni kamwe. Vitobolewe masikio au vipakwe alama nyekundu, vikae na vifaa vya rangi.

Siku ya pili ndiyo siku ya furaha. Mtu mzima asuuze mafurushi kwa maji baridi yakiwa bado yamefungwa, mara nyingi, hata maji yatoke meupe. Ndipo kila mtoto apewe lake afungue. Msimfungulie. Mwacheni ahangaike na fundo lake, atakapovuta uzi wa mwisho aone mwenyewe. Nguo zilizotiwa rangi za kununua zifuliwe tena nyumbani kwa maji ya moto na sabuni, peke yake mara mbili tatu za kwanza. Mwandikie mzazi kikaratasi, la sivyo kanzu ya baba ya Ijumaa itatoka na mawingu.

Kabla ya kuagana, haya ndiyo maswali ya vikundi kwa juma hili. La kwanza: katika nyumba zenu na karakana zenu, kostiki iko wapi sasa hivi, katika chombo gani, na mtoto wa miaka 3 anaweza kuifikia? Nendeni mkaitazame, msijibu kwa kukumbuka. La pili: kama mwalimu angewaletea watoto 24 Jumamosi ijayo, ni watu wazima wangapi mngewapata, na nani angesimama penye maji ya macho? La tatu ni la kupendeza: chovyeni kipande kimoja cha bafta katika manjano, mkipake sabuni, mkikamulie ndimu, kisha mjaribu maji ya majivu, mwone kitageuka rangi gani.

Juma lijalo, saa hii hii, tutaendelea na nta. Kwa herini.